Mgeni Njoo, Nyasi Zipone



Ukitaja Busia au Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, wengi hukumbuka foleni ya malori, wabadilishaji fedha na kelele za boda boda. Anayelala hapa, mara nyingi hulala kwa sababu karatasi zake za forodha hazijakamilika. Leo nataka kumzungumzia mgeni wa aina nyingine, yule anayekuja kulala kwa hiari yake, nje ya mji, huko Molo ya Tororo, Uganda, au kijiji chochote kati ya Tororo na Busia, kwa ajili ya kutazama ndege. Nasema ndege wa mabawa na manyoya, si wale wa Entebbe.

Mgeni huyu hana makuu. Ghorofa haimvutii. Anachotaka ni nyumba safi ya shambani, chandarua kisicho na tundu, choo cha kuaminika, na chai saa kumi na moja alfajiri, kwani jua likishapanda ndege wengi hunyamaza. Jioni mpe atap, yaani ugali wa wimbi, na mboga iliyoungwa kwa odii, rojo la karanga na simsim, atakula na kushukuru. Kisha ataomba jambo moja tu: kesho aamshwe mapema.

Na akiamka ataona nini? Aanze na mnana, ambaye sisi tunampita kila siku. Dume hujishika kwenye tawi lililoinamia maji, kichwa chini, ana jani bichi mdomoni. Analipitisha kitanzini, analivuta, anakaza, anachomoka kwenda kutafuta jingine. Jike akifika huingia ndani, akavutavuta kuta kukagua kazi. Asiporidhika, huyoo, kaondoka. Majani yakishakauka bila nyumba kupata mwenyewe, dume huibomoa na kuanza upya. Kuna watu wanaotoka mbali na kutumia asubuhi nzima kutazama ubishi huo.

Lakini utajiri wetu hauishii kwa mnana. Upande wa Kenya, nyasi za Busia zimo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege yanayotambuliwa kimataifa, na sababu kubwa ni mbayuwayu wa buluu. Huyu ni ndege aliye hatarini. Huzaliana kusini, tangu Afrika Kusini hadi nyanda za juu za Tanzania, na hujenga kiota ndani ya mashimo ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na mhanga. Kati ya Aprili na Septemba huhamia huku kwetu, pande za Ziwa Viktoria, akiwinda wadudu juu ya nyasi zilizo wazi. Ukishuka Mto Sio kuelekea ziwani unakuta mafunjo, na ndani yake gonoleki wa mafunjo, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano. Mafunjo ndiyo maskani yake. Yakikatwa, hana pa kwenda. Na korongo taji, aliye kwenye bendera ya Uganda tangu 1962, huhitaji chepechepe ili azae.

Sasa tufike kwenye hoja yangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauliza: mwenyeji yupi? Mwenye nyumba ya wageni atalipwa kitanda. Mwenye boda boda atalipwa nauli. Mpishi atapata chake. Lakini mgeni hakufuata kitanda. Kitanda kizuri anacho kwao. Amefuata nyasi za jirani ambaye hakualikwa hata kwenye chai. Jirani huyo ana ekari zake chache, ana karo ya watoto, na mnunuzi wa miwa yuko mlangoni. Kwa nini asilime? Akilima, mbayuwayu hatarudi, na ile nyumba ya wageni itabaki na chandarua chake kizuri bila wa kulala humo.

Tazama tofauti. Kule Kitulo, kusini mwa Tanzania, nyasi anakozaliana mbayuwayu huyuhuyu zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Hapa Busia sehemu kubwa ni shamba la mtu binafsi. Upande wa Uganda, Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu hushikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, lakini katiba haisimami shambani asubuhi kumzuia mtu mwenye njaa asipande mpunga. Sheria peke yake haitoshi pale ambapo kulima kunalipa na kuacha hakulipi.

Kwa hiyo napendekeza jambo jepesi. Kila usiku mgeni anaolala, sehemu ya malipo, iliyoandikwa na kujulikana na wote, iende kwa wenye nyasi na kwa kijiji kinachotunza mafunjo. Isiwe sadaka ya mwisho wa mwaka. Iwe kodi ya haki, kama mtu anavyokodi shamba. Asiyelima kwa ajili ya ndege alipwe kwa kutolima.

Waongozaji nao wasitolewe mjini. Watoto wa vijiji hivi wameamia ndege mashambani miaka yote, wakilinda wimbi na mtama. Wanajua nani hula nafaka na nani hula wadudu, nani hutua asubuhi na nani jioni. Mtoto huyo akikua, mpe darubini na mafunzo, aache manati. Msitu wa Kakamega umekwisha kutuonyesha njia: vijana wa pale Isecheno hutembeza wageni msituni, na vibanda vya kulala vipo hapohapo.

Najua wapo watakaosema mpaka ni kikwazo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii, na wananchi wao wakaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Busia. Mgeni anaweza kulala upande wa Tororo na kutazama ndege upande wa Kenya. Kilichobaki ni Kaunti ya Busia upande wa Kenya na wilaya za Tororo na Busia upande wa Uganda kukaa meza moja. Mto Sio unatiririka kati ya nchi hizi mbili hadi Ziwa Viktoria. Mafunjo ya ng'ambo moja yakifyekwa, ng'ambo ya pili nayo itaumia.

Sidai kwamba kutazama ndege kutamaliza umaskini wa mpakani. Wageni hawa ni wachache, na mwaka una miezi mikavu. Ninachodai ni kwamba kabla hatujaanza kufyatua matofali ya nyumba za wageni, tukae na wenye nyasi tukubaliane bei. Tukitanguliza nyumba, tutajenga vibanda vinavyotazamana na miwa. Viongozi mnaonisikiliza, kikao hicho kiitisheni kabla ya Aprili. Mbayuwayu akifika, akute tumeshaelewana.