Kinu Kikizimwa

Msikilizaji, tangu Uyombo, kule Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, neno moja halibanduki vinywani mwa watu: bomu. Wakazi waliandamana mwaka 2024. Siaya nayo ikatajwa, na neno hilo likafika Ziwa Victoria. Wana haki ya kuogopa, ila bomu silo la kuogopwa.

Katika urani ichimbwayo ardhini, ile ipasukayo kwa urahisi, yaani urani-235, haifiki hata asilimia 1. Ya kinu cha umeme kwa kawaida hurutubishwa, yaani sehemu hiyo huongezwa, hadi asilimia 3 au 5. Ya bomu hufikishwa 90 hivi. Mafuta ya kinu hayalipuki kama Hiroshima, hata mwendeshaji akipitiwa na usingizi.

Ndani ya kinu, chembe iitwayo nyutroni hugonga kiini cha atomu ya urani, kiini kikapasuka. Hutoka joto, na nyutroni nyingine mbili tatu za kupasua viini vingine. Joto huchemsha maji, mvuke ukazungusha mashine za kufua umeme. Hapo hakuna tofauti kubwa na mitambo ya mvuke ya Olkaria. Kukizima, huingizwa vyuma vinavyomeza nyutroni. Ni suala la sekunde.

Lakini jiko la mkaa ukilimwagia maji limezimika. Kinu hakizimiki hivyo. Vipande vya viini vilivyopasuka vina mionzi, navyo huendelea kutoa joto. Kinu cha megawati 1,000 za umeme huzalisha megawati 3,000 hivi za joto. Mara tu kikizimwa, bado kinatoa karibu 200. Kesho yake, zaidi ya 10. Lazima maji yazunguke usiku na mchana, na pampu zinataka umeme.

Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipopiga, vinu vitatu vilivyokuwa kazini vilijizima vyenyewe, barabara kabisa. Umeme wa gridi ukakatika, majenereta ya dizeli yakawaka. Haikupita saa moja, tsunami ikaruka ukuta na kuyazamisha. Pampu zikanyamaza, mafuta ya vinu vyote vitatu yakayeyuka. Ile milipuko tuliyoiona kwenye televisheni ilikuwa ya gesi ya haidrojeni.

Basi siku wataalamu watakapokuja barazani, mimi ningewauliza hivi: majenereta ya akiba yatakaa kimo gani juu ya bahari? Maji ya kupozea yatarudi baharini yakiwa na joto kiasi gani, na mikoko ya Mida na samaki wa Watamu, jirani na Uyombo, watastahimili? Na mafuta yaliyokwisha kutumika, ambayo kwanza hukaa miaka kadhaa ndani ya bwawa la maji, baadaye yataelekea wapi? Marekani, yenye vinu zaidi ya 90, bado haina mahali pa kuyazika milele. Finland imechimba pake, Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba.