Ujuzi wa Mfanya Kazi wa Maji Upimwe kwa Kazi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Tumekutana kwa jambo moja. Waajiri wa maji wanataka kuandika orodha ya ujuzi ambao kila mtu lazima awe nao: fundi wa bomba, msoma mita, mtu wa pampu, mtu wa dawa. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua nani apande cheo na nani abaki chini. Sisi hatuikatai. Twasema tu isiandikwe bila sisi.

Mfikirieni mtu wa dawa. Akitia klorini kidogo mno, kipindupindu chaweza kuingia nyumbani mwa watu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema maji yakimfikia mnywaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Tena gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, hutanda chini. Ikivuja, mtu akimbilie juu, upande upepo unakotoka. Basi mtu huyu apimwe penye mtambo, akionyesha kwa mikono yake, si kwa insha ya Kiingereza.

Mtazameni na fundi wa bomba. Ripoti za WASREB za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba zaidi ya lita 40 katika kila 100 hazilipiwi. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupita katika mita mbovu. Bomba la zamani mara nyingi halimo katika ramani ya ofisi. Limo kichwani mwa mzee aliyelichimbia. Nasi tumemwona mzee wa namna hiyo akimfundisha kazi kijana mwenye cheti, kisha kijana akafanywa msimamizi wake. Kijana hana kosa. Kosa ni la kipimo.

Sheria ya Kenya ya 2014 juu ya mfumo wa sifa za taifa imefungua mlango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kupatana na mwajiri kwa pamoja. Kwa hivyo twadai mambo manne:

1. Wajumbe wa chama wawemo katika kamati ya kuandika orodha.
2. Ujuzi wa kazini upimwe na kupewa cheti.
3. Mafunzo yafanywe saa za kazi, bila kukatwa mshahara.
4. Ngazi ikipanda, mshahara upande nayo.

Na sisi wenyewe tusiogope kupimwa. Asiyejua ajifunze, anayejua amfundishe mwenzake. Kila tawi liandike kazi zake zote kama zinavyofanywa kweli, usiku na mchana, likabidhi karatasi kwa katibu wake. Tukienda mezani mikono mitupu, tutaandikiwa na wengine.

Umoja ni nguvu.