Marhamu Kabla ya Mazishi

Aliye na Biblia karibu na afungue Injili ya Yohana, sura ya 12, mstari wa 1 hadi wa 8. Aliye jikoni, au anayekamua ng'ombe, na asikilize tu. Nitamweleza habari yenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya Pasaka. Yesu alikuwa Bethania, kijiji cha rafiki zake, na Martha alikuwa akihudumia watu mezani. Ndipo Mariamu akaleta ratli ya marhamu ya thamani kubwa, akampaka Yesu miguu, akaipangusa kwa nywele zake. Yuda alinung'unika, akasema kwamba marhamu hayo yangeuzwa kwa dinari 300 na maskini wakapewa fedha. Lakini Yesu alimtetea Mariamu, akaeleza kwamba tendo lile lilihusu maziko yake.

Ndugu zangu, Mariamu alikuja mapema. Wanawake wengine walifika kaburini siku ya kwanza ya juma, wakiwa na manukato mikononi, na hawakumkuta wa kumpaka. Upendo wao ulikuwa wa kweli, na Bwana aliupokea. Lakini marhamu ya Mariamu Bwana aliyanusa akiwa hai, katika juma lile ambalo moyo wake ulikuwa mzito.

Sisi hapa Kenya tunajua sana kuja baada ya kifo. Mtu akifariki, jioni hiyo hiyo kamati ya mazishi huketi. Mahema hutafutwa, viti na sufuria huletwa, basi hukodishwa, na kwaya huimba usiku kucha. Hayo ni mema, wala sisemi tuyaache. Nauliza tu: katika ile miezi minne au mitano ambayo mgonjwa alikuwa amelala hoi nyumbani, tulikuwa wapi?

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Wakati mmoja nilikwenda kumtembelea mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na saratani ya koo. Alikuwa hawezi kumeza hata uji mwepesi, na daktari alikuwa ameieleza jamaa yake kwamba hakuna tiba iliyobaki. Niliomba kwa sauti kuu ili Mungu amponye, nikawaambia watu wa nyumba wasiogope bali waamini tu, kisha nikaitazama saa yangu, kwa maana nilikuwa na mkutano. Mama wa nyumba akanisindikiza hadi langoni. Hapo akasimama, akaniambia, "Mchungaji, nina dhambi ya kuungama. Mzee bado anapumua, nami nimekwisha kuanza kumlilia. Nikienda kisimani, nalia. Na juzi usiku, alipougua sana, nilimwomba Mungu amchukue apumzike. Je, nimemuua kwa moyo wangu?"

Wasikilizaji, niliona aibu. Mama huyu alikuwa amebeba mzigo huo peke yake, na kila aliyefika, nikiwamo mimi, alimfunga kinywa kwa maombi. Nikamwambia, "Mama, hiyo si dhambi. Nisamehe mimi, kwa kuwa sikuuliza." Tukarudi ndani. Mkutano ukaendelea bila mimi.

Nikaketi karibu na kitanda, nikamwuliza mzee kama kuna neno analotaka kusema. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole kwamba alijua tangu mwezi uliopita kuwa anaondoka, ila alinyamaza ili asimtie hofu mama watoto. Naye mama alikuwa amenyamaza ili asimtie hofu mzee. Watu wawili katika nyumba moja, kila mmoja akilia kwa siri! Siku hiyo walilia pamoja. Mzee akataja deni la ng'ombe alilokuwa hajalipa, akaonyesha mahali hati ya shamba ilipowekwa, akaomba kitinda mimba wake aletwe kutoka shule ya bweni. Aliishi majuma matatu tu baada ya hapo. Mama huyo aliniambia baadaye kwamba majuma hayo matatu ndiyo yaliyomwezesha kusimama kaburini.

Basi tujifunze nini?

Kwanza, kuomboleza kabla ya kifo si upungufu wa imani. Bwana wetu alilia penye kaburi la Lazaro, hali akijua kwamba atamfufua. Kule Gethsemane alihuzunika kabla ya msalaba kufika, akawataka rafiki zake wakeshe pamoja naye. Wao wakalala. Anayemwuguza mtu wake naye anahitaji wa kukesha naye, tusilale.

Pili, tuwaruhusu waseme. Wako wanaodhani kwamba kutaja mauti ni kuyaita. Lakini Mfalme Hezekia aliambiwa na nabii Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa sababu atakufa. Naye alipoomba kwa machozi, Mungu alimwongezea miaka 15. Neno lile la kutengeneza nyumba halikumzuia Mungu kuponya. Kwa hiyo tuombe uponyaji kwa moyo wote, na siku hiyo hiyo tumsaidie mgonjwa kulipa deni, kupatana na ndugu yake, na kuwabariki watoto kama Yakobo alivyofanya kitandani pake. Watoto nao waambiwe kweli kwa maneno wanayoyaweza. Mtoto hujua kwamba kuna jambo. Akifichwa, hudhani yeye ndiye mwenye kosa.

Tatu, twende kwa mikono, si kwa midomo tu. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walikosea walipofungua vinywa. Akina mama wa kanisa, chukueni zamu za usiku, ili anayeuguza alale walau usiku mmoja. Vijana, chotene maji, pasueni kuni, peleka maziwa yao sokoni. Wazee, ule mchango mnaopanga kutoa siku ya mazishi, toeni sehemu yake sasa, anunuliwe dawa na sabuni. Yuda wa leo atasema fedha hizo ziwekwe kwa ajili ya jeneza. Msimsikilize.

Nne, tusimwache mtu katika maumivu kana kwamba maumivu ni mapenzi ya Mungu. Daktari Mkristo wa Uingereza, Cicely Saunders, ambaye hapo kwanza alikuwa muuguzi, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba anayekaribia kufa huumia mwilini, moyoni, rohoni, na katika mambo ya jamaa yake, na yote yahitaji kutunzwa pamoja. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na baadaye kazi hii ikafika miji mingine na hospitali kadhaa za misheni. Wahudumu wa hospisi hutuliza maumivu, na huwafundisha watu wa nyumbani namna ya kumgeuza mgonjwa na kumtunza. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu nanyi. Kutafuta msaada huo si kukata tamaa.

Mpenzi msikilizaji, huenda katika kijiji chako kuna nyumba ambayo watu wameanza kuipita kwa haraka, kwa kuwa hawajui la kusema. Nenda huko juma hili. Usipokuwa na neno, keti tu. Marhamu yako yapeleke leo, wakati anayeyahitaji angali anaweza kuyanusa.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, uwakumbuke wote wanaokesha usiku huu kando ya kitanda cha mpendwa wao. Uwape nguvu na usingizi. Utusamehe sisi tuliochelewa, utufundishe kufika mapema. Na yule aliye karibu kuvuka, umshike mkono, asivuke peke yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.