Pombe ya Nyumbani: Tusemezane Bila Kufichana

(Yafuatayo ni maneno tuliyoyatoa Isikizya, Wilaya ya Uyui, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wetu wafadhili. Tumeyachapa kwa sababu wajumbe wengi waliomba wapelekewe nyumbani.)



Tunaanza kwa kuungama. Kwa miaka mingi tumekuwa tukitoa mikopo midogo kwa vikundi vya akina mama, na katika fomu tuliandika kwamba mkopo hauruhusiwi kutumika kwa biashara ya pombe. Fomu zilirudi zimejazwa vizuri: maandazi, karanga, mbogamboga, dagaa. Nasi tuliandika hivyo hivyo katika taarifa kwa wafadhili, "biashara ndogo ndogo", tukapiga mhuri. Lakini tulipotembelea nyumba kwa nyumba bila kutoa taarifa, tulikuta mitungi. Mama wa maandazi alikuwa anapika pombe. Mama wa dagaa pia. Mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alituambia hivi: "Nyinyi mlitaka maandazi, nikawaandikia maandazi. Ada ya shule imelipwa na nini, hamkuuliza."

Kweli hatukuuliza. Na kwa kuwa hatukuuliza, hakuna aliyemfundisha kuchagua nafaka, kutunza vyombo, wala kuhesabu faida. Aliyekuwa anakosea aliendelea kukosea gizani. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kuanza kupika pombe nyumbani. Tunajua wapo wajumbe ambao wangependa mada hii isiwepo, na tutawajibu mbele kidogo.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili halikuletwa juzi. Hapa tupo kaskazini mwa mji wa Tabora, katika nchi ambayo misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita na kupumzika. Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, akaandika jinsi pombe ya nafaka ilivyopikwa huku: nafaka nusu inaloweshwa mpaka iote, nusu nyingine inasagwa unga, vinachanganywa, pengine na asali kidogo, vinachemshwa na kuchujwa kwa mfuko wa ukili. Bibi zetu wakisomewa maelezo hayo watasema huyo mzungu alikaa jikoni. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na nguo kwenda na kurudi pwani walipokelewa kwa kinywaji hicho. Na mpaka leo mtu mwenye shamba kubwa akitaka majirani wamsaidie kulima, mtungi unatangulia jembe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anayeanza asianze na pipa. Aanze na ndoo moja ya lita 20, ili akiharibu apate hasara ndogo.

Kitu cha kwanza ni kimea, na hapa ndipo tunapowaomba mtulie, kwa sababu asiyejua kimea hajui pombe. Chukua ulezi kilo moja na nusu, wa msimu huu, uliopepetwa. Uloweke usiku kucha, umwage maji, uusuuze. Utandaze kwenye gunia safi kivulini, uufunike, uunyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona umechipua. Usisubiri vichipukizi viwe virefu, maana nguvu yote itakwenda kwenye majani. Anika juu ya chanja, si chini kwenye vumbi ambako kuku wanapita, mpaka ukauke kabisa, kisha saga.

Wengi wataniuliza kwa nini si mtama, ambao upo tele. Mtama unafaa, na wazee wameutumia daima. Lakini wafugaji wanajua kwamba machipukizi ya mtama yana sumu, ng'ombe akiyala shambani anaweza kufa. Anayetumia mtama akaushe vizuri, asugue vichipukizi vitoke, apepete, na asiache hatua ya kuchemsha. Kwa anayeanza, ulezi ni salama zaidi.

Kazi ya kimea ni kugeuza wanga kuwa sukari. Pika uji mzito wa unga wa mahindi kilo mbili na nusu. Uuache upoe kiasi kwamba kidole kikiingia kinavumilia kwa kuhesabu moja, mbili, kisha kinatoka chenyewe. Hapo tia nusu kilo ya kimea, koroga, funika kwa blanketi kuukuu. Baada ya saa moja au mbili funua. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko utakuwa umelegea kama maji na umekuwa mtamu. Watoto wanaweza kunywa hiyo, ndiyo togwa. Bado haina kilevi.

Sisi wenyewe tulikosea hapa. Tulipofanya jaribio letu la kwanza tulikuwa na haraka, wageni wanakuja saa nane, tukamwaga kimea kwenye uji unaotokota. Moto mkali unaua nguvu ya kimea. Tulikaa mpaka jioni tukiangalia sufuria la uji uliokuwa uji na ukabaki uji. Bibi mmoja aliyekuja kutazama alicheka, akasema wasomi wameivisha mbegu.

Uji ukishalegea, uache ulale mpaka asubuhi upate uchachu, halafu uchemshe tena kama saa nzima. Usiache hatua hii kwa kuogopa gharama ya kuni. Ongeza maji ya moto mpaka upate kama lita 18, uache upoe mpaka uwe na joto la mwili, ndipo utie kimea chote kilichobaki. Hamira imo humo humo kwenye kimea. Wengine huongeza machicha kidogo ya pombe iliyopita, au kijiko cha hamira ya dukani. Funika kwa kitambaa safi, usikaze kifuniko, kwa sababu hewa inayotoka inaweza kupasua chombo. Kesho yake itakuwa inachemka bila moto. Chuja, na inyweke ndani ya siku mbili. Baada ya hapo ni siki.

Ya asali, wanzuki, ni fupi zaidi: asali sehemu moja, maji vuguvugu sehemu nne, na hamira, kisha kungoja siku kadhaa. Lakini ni kali kuliko ya nafaka, na mnywaji haioni ukali wake kwa sababu ya utamu. Tena sisi watu wa Tabora tunajua bei ya asali safi. Kabla hujaimimina kwenye mtungi, hesabu kwanza ingekuletea nini kwenye chupa.

Tumefika kwenye jambo linalotunyima usingizi. Katika vijiji vingi kuna mazoea kwamba mahindi yaliyooza, yenye ukungu, yasiyofaa ugali, ndiyo "ya kupikia pombe". Ndugu wajumbe, tunawasihi mkalisemee hili kila jumuiya. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hao walikula chakula cha kawaida. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kuchachusha hakuimalizi. Na mwezi Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa kwenye msiba kinywaji cha mahindi ambacho wao pia wanakiita pombe. Wakafa watu 75, na mama aliyeipika akiwa mmoja wao. Kwanza ilisemekana mtu ametia nyongo ya mamba. Watu wakaanza kutazamana kwa shuku. Baadaye maabara ikaonyesha kuwa ni sumu iliyotengenezwa na bakteria ndani ya unga wa mahindi ulioharibika. Hakukuwa na mchawi. Kulikuwa na unga uliolowa, na mtu aliyeona ni hasara kuutupa.

Kwa hiyo nafaka usiyoweza kumpikia mwanao ugali, usiipikie pombe. Wala msiwape kuku na nguruwe machicha ya nafaka hiyo.

Vyombo navyo ni hivyo hivyo. Wakulima wa tumbaku hapa Uyui wana madumu yaliyokuwa na dawa za kunyunyizia. Dumu hilo hata ukiliosha mara kumi si la chakula. Ndoo za bati nazo hazifai, kwa sababu uchachu unayeyusha madini yake. Tumieni mtungi, plastiki ya chakula, au sufuria zima.

Sheria tutaipita kwa ufupi. Gongo haimo katika mazungumzo haya. Kutonesha pombe kali bila leseni ni kosa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1966, na wala hatutamkopesha mtu mtambo. Kuuza pombe ya kienyeji nako kuna leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 1968, na afisa biashara wa Halmashauri yupo hapa hapa Isikizya, nendeni mkamwulize kabla ya kuweka benchi nje. Wale walioshika viroba akilini wajue kwamba serikali ilivipiga marufuku tangu Machi 2017.

Mjumbe mmoja aliuliza asubuhi: je, parokia inafundisha ulevi? Swali ni halali na hatulidharau. Kati yetu tuliokaa mbele hapa wapo waliolelewa na baba aliyekunywa mbegu ya shamba lote. Tunachojibu ni kwamba mitungi ilikuwepo tulipokuwa tunakataza, na ilikuwepo tulipokuwa tunaandika maandazi. Wala hatuna jibu kwa mama anayeuza kwa mkopo kwa mume wa jirani yake, akijua jirani analala na njaa. Kikundi kimoja kimejiwekea masharti: hawauzi kwa mkopo, hawauzi siku za kazi kabla ya saa kumi jioni, hawamwuzii mjamzito wala mtoto. Wameanza wenyewe, sisi hatukuwaandikia.

Wapo pia waliopiga hesabu wakaacha. Tuliwaomba waandike kila kitu kwenye daftari: nafaka, kusaga, maji, kuni, siku nne za kazi, na madeni yasiyolipwa. Kuni ndizo zilizowashangaza, kwa sababu zamani walizikata wenyewe na kuziona ni za bure. Miombo yetu tayari inachomwa kwa kukaushia tumbaku. Mama mmoja aliona kwamba togwa, isiyohitaji kuchemshwa mara ya pili, inauzika shuleni na sokoni, akahamia huko. Mwingine aliona pombe inamlipa vizuri kuliko vyote alivyojaribu, naye anaendelea. Wote wawili wamo katika taarifa ya robo hii, na safari hii kila biashara imeandikwa kwa jina lake. Wafadhili wetu mtaisoma, na kama mtaona hamwezi kuendelea kuchangia mfuko huo, tutaelewa, ila tunaomba mtuambie kabla ya msimu wa kilimo kuanza.

Mafunzo ya vitendo ni Jumamosi, nyuma ya ukumbi. Kila kikundi kije na ulezi kilo moja na nusu ulioloweshwa tangu Ijumaa jioni, na kilete pia konzi ya mahindi kutoka ghalani, kama yalivyo, bila kuchambua. Tutayachambua pamoja mezani.