Chumvi na Samaki wa Bwawani

 Tumeombwa tuseme juu ya chumvi, maana kila tunapotembelea mabwawa swali ni lile lile: samaki wa maji matamu atiwe chumvi au asitiwe?

Kwanza tukiri kosa letu. Kikundi chetu kilinunua vifaranga vya ngege kwa pesa za mzunguko. Vilifika vimechoka, vingine vimechubuka. Mmoja wetu alikuwa amesikia kwamba chumvi ni dawa, basi akamimina viganja viwili ndani ya ndoo, chumvi kavu, juu ya samaki wenyewe. Chai haijaisha, vingi vimelala ubavu. Akina mama waliochanga hawakusema neno. Hilo lilituuma kuliko kugombezwa.

Na kweli ni dawa! Damu ya ngege ina chumvi kuliko maji ya bwawa. Kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku kupitia mashavu, na chumvi yake humtoka. Figo zinafanya kazi ya kuyatoa maji hayo. Akiwa mzima haoni taabu. Lakini akishikwashikwa, ute wa ngozi ukatoka, anazidiwa. Maji yenye chumvi kidogo humpunguzia mzigo huo. Tena chumvi hudhoofisha ule ukungu mweupe kama pamba unaoota kwenye kidonda.

Safarini, nusu kilo kwa lita 100 inatosha. Kumwosha mgonjwa, kilo 1 kwa lita 100, asizidi nusu saa, na mtu asimame hapo akiangalia. Akianza kupinduka, mtoe mara moja umrudishe maji safi. Iyeyusheni kwanza pembeni, ndipo mmimine polepole. Ngege huvumilia chumvi kuliko kambare, kwa hiyo kambare apewe muda mfupi zaidi.

Bwawa zima je? Hapana. Chukueni bwawa la mita 300 za mraba, kama yale ya mpango wa serikali wa 2009. Kina kikiwa mita 1, hayo ni lita 300,000. Gramu 1 tu kwa kila lita inataka kilo 300 za chumvi, yaani magunia sita ya kilo 50. Nani atanunua? Na chumvi haikaushwi na jua. Maji hupungua, yenyewe inabaki, halafu siku mnafungulia maji yale kwenye sukuma wiki mnalia mara ya pili.

Wengine wametuuliza kama magadi, ile bala ya kupikia mboga, yanaweza kushika nafasi ya chumvi. Msithubutu. Magadi huyafanya maji kuwa makali, na uchafu wa samaki hugeuka sumu zaidi. Waliofika Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay wameona maji ya magadi yalivyo. Ziwa kuu liko pale pale jirani, lakini hayo ni maji mengine kabisa.

Samaki wakipanda juu alfajiri kuvuta pumzi, msikimbilie chumvi pia. Hapo hewa imepungua majini. Ingizeni maji mapya, mbolea na chakula visimame kwanza.

Mizani ya dukani tumekuja nayo, na ndoo ile ile. Yule mama wa kambare aliyenyoosha mkono tangu mwanzo, karibu mbele tupime pamoja.