MIZANI YA FEDHA: MJUMBE WA CHAMA NA MASHINE YA BENKI UGENINI

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na waweka hazina wa vyama wanachama)

Mkulima anapofikisha kahawa yake ghalani, jambo la kwanza analolitazama ni mshale wa mizani. Usipokuwa kwenye sifuri kabla ya gunia kuwekwa, hakubali kupimiwa. Hakuna amwonaye mkorofi kwa kufanya hivyo, maana kila kilo inayopotea mizanini ni jasho lake. Lakini mjumbe wa chama hicho hicho anapotumwa nje ya nchi, na masurufu ya safari yakiwa katika kadi ya benki, mara nyingi husimama mbele ya mashine ya kutolea fedha, akabonyeza kila kitufe anachoelekezwa, asiulize mshale uko wapi. Kiwango cha kubadilishia fedha ndicho mizani ya fedha, nacho chastahili kutazamwa kwa jicho lile lile la ghalani.

Mashine hizi si jambo jipya duniani. Tarehe 27 Juni, 1967 benki ya Barclays ilifungua mashine yake mashuhuri huko Enfield, London. Haikutumia kadi ya plastiki bali hati maalumu ya karatasi, na kila hati ilitoa pauni 10. Wakati huo swali la viwango halikuwapo, kwa kuwa mteja alitoa pauni zake katika nchi yake. Swali lilizuka pale kadi ya nchi moja ilipoweza kutoa fedha ya nchi nyingine. Leo mwenye akaunti ya shilingi hupokea euro mkononi akiwa Ujerumani, na shilingi zake hukatwa nyumbani. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo penye hesabu.

Hapana budi kwanza ieleweke kwamba fedha ya kigeni haina bei moja. Ina bei ya kununuliwa na bei ya kuuzwa, na tofauti ya bei hizo ni pato la mfanyabiashara wa fedha. Kiwango cha kati, kilicho baina ya bei hizo mbili, ni kipimo kizuri cha kulinganishia, lakini mteja wa kawaida hakipati.

Mjumbe anapotoa fedha ugenini, makato yaweza kuingia kwa njia nne. Ya kwanza ni kiwango cha shirika la kadi, kama vile Visa au Mastercard, ambacho kwa kawaida hakiko mbali na kiwango cha kati. Ya pili ni asilimia inayoongezwa na benki yake kwa kuwa fedha imetolewa nje. Ya tatu ni ada ya benki hiyo kwa kila utoaji. Ya nne ni ada ya mwenye mashine, ambayo baadhi ya wenye mashine huitoza na wengine hawaitozi.

Zaidi ya hayo kuna swali moja la mashine ambalo ndilo linalowapoteza wengi. Mashine ikitambua kwamba kadi ni ya nchi nyingine, yaweza kumwuliza mteja kama anapenda kukatwa kwa fedha ya kwao. Swali hili huonekana kama ukarimu, maana nani asiyependa kuona hesabu kwa fedha aliyoizoea? Lakini akikubali, kiwango kitakachotumika si kile cha shirika la kadi. Ni kile kilichowekwa kwenye mashine hiyo, pamoja na nyongeza yake. Akikataa, utoaji haufutwi. Euro hutoka vile vile, na kubadilisha huachiwa shirika la kadi na benki yake. Wengi hukubali kwa hofu kwamba wakikataa watarudishiwa kadi bila fedha.

Uchukuliwe mfano, kwa tarakimu za kukisia zilizo rahisi kwa hesabu. Mjumbe anatoa euro 200 siku ambayo kiwango cha kati ni shilingi 3,000 kwa euro moja. Kwa kiwango hicho thamani yake ni shilingi 600,000. Mwenye mashine hatozi ada. Mjumbe akikataa kubadilishiwa, na shirika la kadi likatumia shilingi 3,020, hukatwa shilingi 604,000. Benki yake ikiongeza asilimia 3, yaani shilingi 18,120, na ada ya shilingi 10,000, jumla ni shilingi 632,120.

Akikubali kubadilishiwa, na mashine ikatumia shilingi 3,300, hukatwa shilingi 660,000. Tena zipo benki ambazo hutoza asilimia yao hata hivyo, kwa sababu fedha imetolewa nje. Basi huongezwa shilingi 19,800 na ada ile ile ya shilingi 10,000, na jumla huwa shilingi 689,800. Euro ni zile zile 200. Kitufe kimoja kimekigharimu chama shilingi 57,680.

Sasa mjumbe huyo anarudi nyumbani kurejesha masurufu. Mweka hazina anatazama kiwango cha siku ile, anapiga hesabu, na kuona pengo la shilingi 89,800. Mjumbe hana stakabadhi ya mashine, wala hakumbuki alibonyeza nini. Anachoweza kusema ni kwamba fedha ilipotea katika kubadilisha. Katika mkutano mkuu wanachama wananong'ona kwamba amekula fedha za wakulima, na jina alilolijenga kwa miaka mingi linachafuka kwa siku moja. Upande wa pili, mtu mwenye nia mbaya aweza kujificha nyuma ya neno lilo hilo na kuliita tumbo lake kiwango cha fedha. Pasipo kumbukumbu, mkweli na mwongo hufanana. Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo yafaa kila chama kijiwekee utaratibu kabla mjumbe hajaondoka.

Kwanza, mweka hazina aulize benki kwa maandishi inatoza asilimia gani na ada gani kwa fedha inayotolewa nje, na jibu liwekwe katika jalada la safari.

Pili, mjumbe aelekezwe kuchagua kukatwa kwa fedha ya nchi aliyomo, na kukataa kubadilishiwa na mashine.

Tatu, ada ya kila utoaji ikiwa haibadiliki, ni afadhali kutoa mara moja kiasi cha kutosha kuliko kutoa kidogo kidogo mara tano, ilimradi usalama uzingatiwe.

Nne, kadi ya mkopo isitumike kutolea fedha taslimu ila kwa dharura, maana mara nyingi riba huanza kuhesabiwa siku ile ile.

Tano, stakabadhi ya kila utoaji itunzwe, na kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo kiandikwe kando yake. Hesabu ifungwe kwa taarifa ya benki, kwa kuwa kiasi kinachozuiwa kwanza katika akaunti chaweza kutofautiana kidogo na kile kinachokatwa mwishowe.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona uzito wa jambo hili. Kanuni ya mwaka 2019 iliwataka wenye mashine, kuanzia tarehe 19 Aprili, 2020, kuonyesha nyongeza yao kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Lakini kanuni hiyo ililenga fedha za nchi za Umoja huo. Mwenye kadi ya shilingi asingoje kuonyeshwa. Apige hesabu yake mwenyewe kabla ya kubonyeza.

Ndugu Wanaushirika, mkulima aliyebaki shambani hataiona mashine hiyo ya ugenini. Amemtuma mwenziwe aende kwa niaba yake, kwa fedha iliyotoka katika magunia yake. Haki yake ni kwamba mshale utazamwe kwa niaba yake pia, na kwamba anayerudi aweze kusimama mbele yake na daftari mkononi, aeleze kila shilingi ilikokwenda.