UJI WA ASUBUHI
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika)



Leo hatusemi habari za mbolea wala madeni. Tunasema uji. Msicheke. Wanaocheka ndio wanaotoka nyumbani alfajiri bila kujua mtoto amekunywa nini.

Tumepita nyumba kwa nyumba tukaona masufuria. Uji wa watoto wetu ni maji matupu. Mtoto wa miaka miwili tumbo lake dogo, linajaa maji, baada ya muda kidogo analia. Tunasema anadeka. Hadeki, ana njaa, na kliniki uzito haupandi. Tukiupika mzito nao, hawezi kuumeza. Hapo ndipo mama anapoongeza maji, wala hatumlaumu.

Dawa yake ni kimea. Ndiyo, kilekile cha pombe. Hapa kila mtu anakijua, na wengine tunakijua kupita kiasi. Kimea kinalainisha uji mzito bila kuongeza maji, kwa hiyo mtoto anakunywa chakula chote.

Loweka ulezi safi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa, unyunyizie maji siku mbili au tatu mpaka uchipue. Anika juani ukauke kabisa, pekecha vimizizi vitoke, saga. Ukiona ukungu, tupa wote, usiseme ni hasara. Mwaka 2016 sumu ya ukungu wa nafaka iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Karanga zilizooza vilevile, usizisage kwa ajili ya mtoto eti kwa kuwa sokoni hazinunuliki.

Sasa kupika. Unga kikombe kimoja, maji vikombe vitatu. Koroga unga kwanza na maji ya baridi usipate madonge, kisha bandika, koroga mpaka uive vizuri. Utakuwa mzito karibu na ugali, usiogope. Epua, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiochemka, maana ukichemka unaua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea kwa kila bakuli, koroga, ngoja dakika kumi. Utauona umelegea wenyewe. Rudisha jikoni uchemke tena, kwa usalama. Maziwa yakiwepo tia, au karanga nzima nzima zilizosagwa siku hiyo.

Wazee wetu wanakumbuka vikundi vya redio vya Chakula ni Uhai, mwaka 1975. Habari za lishe si ngeni kijijini.

Akina baba, kusonga uji hakuvunji mkono. Na kila nyumba inayoloweka ulezi wa pombe, tunaomba itenge visahani viwili vya kimea kwa ajili ya watoto kabla pipa halijajazwa. Jumamosi, baada ya kupima mazao, tutaloweka debe moja ghalani. Kila mmoja aje na kitambaa safi.

Katibu wa Tawi